Kasha la Chuo Kikuu na Mfuko wa Mzazi

Katika nyumba za askari, ziwe za Gitega au za Muyinga, mwezi una tarehe moja ambayo hata mtoto asiyejua kusoma huijua: ile tarehe mshahara unapoingia. Kabla ya tarehe hiyo mama wa nyumba ameshagawa kila kitu kichwani mwake. Fungu hili ni la unga na maharagwe, hili la sabuni na mafuta, hili la mwenye duka aliyetukopesha, na hili, lisiloguswa hata mgeni akija usiku, ni la mtoto aliye chuoni. Mshahara ukichelewa siku kumi, mama huyo hujibana, hukopa kwa jirani, hunyamaza. Hawezi kutangaza kwamba nyumba imefungwa mpaka hali itakapotengemaa.

Wasomaji wetu wapendwa, juma hili twataka kuizungumza nyumba nyingine, kubwa kuliko zetu lakini yenye taabu zilezile, nayo ni chuo kikuu cha umma, na hasa Baraza la Uongozi linalokishikia funguo. Najua atakuwepo atakayesema kwamba ukurasa huu ni wa mapishi, malezi na ushonaji, na kwamba habari za mabaraza zingeachwa katika ukurasa wa mbele. Simlaumu. Lakini mwezi mmoja unaopotea chuoni hulipwa jikoni, na Baraza ni miongoni mwa wachache wanaoweza kuupoteza mwezi huo au kuuokoa. Kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Chuo Kikuu cha Burundi kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, kwa kuunganishwa taasisi za elimu zilizokuwako kabla yake. Jina kilicho nalo leo kilipewa mwaka 1977. Kampasi zake za siku nyingi ziko Bujumbura, na nyingine iko hapa Gitega, mahali paitwapo Zege. Mtoto wa Gitega akipangiwa Zege, mama yake anaweza kumpelekea kikapu cha viazi na maharagwe siku ya Jumamosi akarudi kabla ya giza. Mtoto wa Muyinga hana bahati hiyo. Akifaulu mtihani wa taifa hufunga sanduku, na akipangiwa Bujumbura huwa mbali na nyumbani kwa kilomita zinazokaribia 200. Kila uamuzi unaofanywa chuoni, hata wa kuahirisha mtihani kwa siku nne tu, kwa mzazi wa Muyinga una nauli ndani yake.

Nimeona wazazi wengi wakichanganya vyombo vya chuo, na kwa sababu hiyo wakipeleka malalamiko yao mahali pasipohusika. Rekta ni mtendaji mkuu. Yeye huamka kila asubuhi akiwa na chuo mikononi: walimu waliokuja na wasiokuja, maji yaliyokatika, bweni linalovuja. Huteuliwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Walimu wenyewe wana baraza lao la taaluma, ambalo vyuo vingi vya Afrika Mashariki huliita Seneti, nalo huamua mambo ya mitaala, mitihani na shahada. Baraza la Uongozi ni chombo cha tatu. Wajumbe wake hawakai chuoni. Huja kwa mkutano mara chache kwa mwaka, husomewa taarifa, hupitisha makadirio ya mapato na matumizi, husikiliza mkaguzi wa hesabu, huamua juu ya majengo, ajira na ada, kisha hurudi makwao. Askari atalielewa jambo hili upesi kuliko raia: mwenye kupanga vita si lazima awe yule anayelala handakini. Tofauti ni kwamba handakini amri haipigiwi kura, hali barazani hupigiwa.

Mtu anayekuja mara chache kwa mwaka ataijuaje hali ya nyumba? Huijua kwa karatasi anazopewa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mabaraza yote ya namna hii, na sijaona sheria iliyoweza kuuondoa kabisa. Kabrasha la mkutano likifika usiku wa kuamkia kikao, lina kurasa mia mbili, na hesabu zenyewe zimewekwa mwishoni, mjumbe mwema kabisa atanyoosha mkono pamoja na wenzake apate kuwahi gari. Mjumbe mwenye manufaa kwa mzazi ni yule anayethubutu kuuliza swali la mama wa nyumba: Kasha lina kiasi gani leo, tunadaiwa kiasi gani, na mwezi ujao tutakula nini?

Sasa tulitazame kasha lenyewe. Chuo cha umma hula kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ni ruzuku ya serikali, ambayo Bunge huipitisha pamoja na bajeti ya taifa, na ambayo aghalabu huishia katika mishahara. Mkono wa pili ni mapato ya chuo chenyewe: ada, au minervali kama tunavyoiita huku kwetu, pamoja na malipo ya vyeti, kodi za nyumba za chuo na miradi. Ruzuku hufuata mwaka wa fedha, ambao kwetu huanza Julai na kuisha Juni. Ada hufuata mwaka wa masomo, nao husogea mbele na nyuma. Mishahara na posho, kwa upande wake, hufuata mwezi, na mwezi haumsubiri mtu. Tazama basi: kasha moja, na ndani yake kalenda tatu zisizopatana. Baraza likisahau jambo hilo, hata wajumbe wake wakiwa waaminifu kama mitume, nyumba itaungua.

Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba eneo lote ni uwanja mmoja wa elimu ya juu. Kwa hiyo si umbea tukitazama ya jirani, maana watoto wetu husoma huko pia. Na katika majirani zetu hakuna chuo ambacho mambo ya baraza lake yamechambuliwa hadharani kama Makerere ya Uganda.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970. Kwa miaka mingi Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo. Sheria ya vyuo ya mwaka 2001 ikabadilisha mambo, ikalifanya Baraza kuwa chombo cha juu kabisa cha uongozi wa chuo, na kuwapa viti humo walimu, wafanyakazi, wahitimu wa zamani, watu wenye ulemavu, na wanafunzi wawili ambao angalau mmoja wao sharti awe mwanamke. Kwa maandishi ni baraza ambalo kila mwenye haja ana mtu wake ndani. Tutaona lilivyofanya kazi.

Tangu mwaka 1992 chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi wa kulipa ada juu ya wale waliolipiwa na serikali. Fedha zikaingia kama maji ya masika. Vitivo vikafungua masomo ya jioni, madarasa yakajaa mpaka madirishani, na kila kitivo kikawa kinatetea fungu lake la ada kama mke mkubwa anavyotetea shamba lake. Profesa Mahmood Mamdani, aliyekuwa amefundisha hapo, alitoa kitabu mwaka 2007 kuonyesha jinsi kuifukuza fedha kulivyoudhuru ufundishaji wenyewe. Lakini hilo ni la wasomi. Mimi nataka tuitazame ahadi moja.

Mwezi Agosti 2013 wahadhiri wa Makerere waligoma, wakitaka mishahara yao iongezwe mara mbili. Serikali haikuwa tayari. Ili darasa lifunguliwe, chuo kilikubali kuwalipa posho ya motisha ya asilimia 70 juu ya mshahara, na posho hiyo itoke katika mapato ya chuo chenyewe, yaani katika ada za wanafunzi. Mgomo ukaisha. Hapana shaka siku ile watu walipeana mikono.

Hapo ndipo ningependa mama wa nyumba akae kitako atusaidie hesabu. Posho hudaiwa kila mwezi. Ada huingia mara mbili kwa mwaka, muhula unapoanza, na wengi hulipa mwishoni, wengine siku ya kuamkia mtihani. Idadi ya wanafunzi wanaolipa yaweza kupungua mwaka ujao, lakini posho haipungui. Na kutoka katika ada hizohizo lazima pia zinunuliwe dawa za maabara, karatasi za mitihani, vitabu na mafuta ya jenereta. Mama yeyote aliyewahi kuahidi kulipa kwa mwezi deni linalotegemea mavuno ya msimu anajua mwisho wake. Ahadi ilikuwa ya kweli, na walioitoa naamini walitaka heri, lakini ilikuwa imejengwa juu ya fedha za mtu mwingine zisizokuwa zimefika bado.

Ilichukua miaka mitatu. Kufikia mwisho wa Oktoba 2016 malimbikizo ya posho yalikuwa ya miezi mingi. Wahadhiri wakaweka chaki chini, wanafunzi wakaandamana wakidai kufundishwa, na tarehe 1 Novemba 2016 Rais Yoweri Museveni akaamuru chuo kifungwe. Maelfu ya vijana wakaambiwa waondoke. Kikafunguliwa tena mwanzoni mwa Januari 2017, na Rais akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Dakta Abel Rwendeire.

Magazeti yaliandika sana juu ya wahadhiri, Rais na Baraza. Machache yaliandika juu ya nyumba. Mwanafunzi aliyefukuzwa bwenini Novemba alikuwa amelipa chumba. Nauli ya kurudi kijijini hakuwa nayo, maana nauli hutumwa Desemba. Aliyepaswa kuhitimu mwezi fulani akahitimu baadaye, na mdogo wake aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kulipiwa akasubiri zaidi. Hesabu hizo hazimo katika kitabu chochote cha mkaguzi, na sioni kwa nini zisiwemo. Baraza linapokisia gharama ya uamuzi, miezi ya mzazi ni gharama kama simenti ilivyo gharama.

Je, wale wanafunzi wawili waliokuwa na viti barazani hawakuliona shimo? Sipendi kuwahukumu vijana. Mtu wa miaka ishirini na miwili aliyeketi kati ya maprofesa na makatibu wakuu, huku muhula wake wa uongozi ni mwaka mmoja tu, atajifunza njia ya kuelekea chumba cha mkutano na tayari muda wake umekwisha. Kiti ni kitu chema, ila bila karatasi kufika mapema na bila mtu wa kumfafanulia hesabu, hubaki kuwa kiti tu.

Makerere ilirudi kwenye jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Kwa wanafunzi wapya walioanza mwaka wa masomo 2018/19, Baraza lilipitisha nyongeza ya ada ya asilimia 15, na nyongeza hiyo iwe ikirudiwa mwaka hata mwaka. Asilimia 15 husikika ndogo. Lakini chukua kalamu. Ukizidisha asilimia 15 juu ya asilimia 15 mara tano, ada iliyokuwa faranga 100 inapita kidogo 200. Mshahara wa askari gani huongezeka maradufu kwa miaka mitano? Mwezi Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana, na wasichana ndio waliotangulia mbele. Polisi na wanajeshi wakaingia chuoni, na usiku wakaingia katika bweni la Lumumba. Vijana wakaumizwa.

Nawaomba wasomaji wetu wenye sare wasinione mkorofi kwa kulitaja hili. Nalitaja kwa sababu wao ndio wanaoitwa pale maneno yanapokwisha, na maneno aghalabu huisha kwa sababu hayakuanza mapema. Mkutano mmoja na wanafunzi miezi sita kabla ya nyongeza, hesabu zikiwa zimebandikwa ukutani, ungegharimu karatasi na chai. Badala yake kijana wa polisi mwenye mdogo wake chuoni hutumwa usiku kuvunja mlango wa bweni ambamo ndani yake yumo mdogo wa mwenzake. Hiyo ni kazi ya baraza iliyoachiwa wasiohusika nayo.

Tumeyasema ya jirani vya kutosha, turudi nyumbani, tena kwa mambo ambayo wengi wenu mliyaona kwa macho. Mapema mwaka 2017 amri ya Rais ilibadilisha utaratibu wa kuwasaidia wanafunzi wa elimu ya juu. Ufadhili, au buruse kama vijana wanavyosema, ukageuzwa kuwa mkopo wa kurejeshwa baada ya masomo. Mwezi Machi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi wakagoma, na baadhi ya wawakilishi wao wakakamatwa. Sitaingia katika ugomvi wa nani alikuwa na haki. Kukopeshana kwa ajili ya masomo si jambo geni: Tanzania na Kenya wana vyombo vyao vya mikopo, na nchi maskini haiwezi kumlipia kila mtu kila kitu milele. Linalonihusu ni kwamba uamuzi ule haukuwa wa Baraza la Chuo, wala wa Rekta. Ulitoka juu yao. Hata hivyo hasira yote iliangukia kampasi, kwa watu wasiokuwa na uwezo wa kuibadilisha nukta moja katika amri ile.

Sasa likumbuke jambo la pili la miezi hiyohiyo. Askari wetu walikuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM, na kwa sehemu kubwa ya mwaka 2016 posho zao zilikwama kwa sababu ya mvutano juu ya njia ya kuzipitisha. Ni Februari 2017 tu ambapo serikali na Umoja wa Afrika walikubaliana fedha zipitie benki ya biashara. Fikiri basi nyumba iliyokuwa na baba Mogadishu na binti Bujumbura. Posho ya baba imekwama, na msaada wa binti unageuka deni. Mama yuko Muyinga au Gitega na wadogo wanne. Ofisi mbili zilizo mbali kabisa, moja ya jeshi na moja ya elimu, zisizojuana hata kidogo, zikakutana katika chungu kimoja. Sidhani kwamba kuna mtu katika ofisi yoyote kati ya hizo aliyepata kuiona picha hiyo nzima. Mama aliiona.

Kwa ajili hiyo nasema chuo chetu, na vyuo vyote vya umma, vingepata faida kubwa kwa kubandika waziwazi orodha fupi: haya huamuliwa na Wizara, haya na Baraza, haya na Rekta, haya na kitivo. Si siri ya taifa. Ingepunguza migomo zaidi ya mabomu ya machozi.

Kuna wakati hata wakubwa wenyewe hawakubaliani mpaka uko wapi. Januari 2020 Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimteua Profesa Stephen Kiama kuwa Makamu Mkuu wa Chuo, naye Waziri wa Elimu George Magoha akautengua uteuzi, akalivunja Baraza na kumweka mwingine akaimu. Mambo yakafika mahakamani, na mwisho Kiama akabaki na kiti. Kwa siku kadhaa chuo kikubwa cha taifa kilikuwa na watu wawili waliotajwa kwa cheo kimoja. Nyumba yenye baba wawili watoto huomba ruhusa kwa yule anayekubali.

Wapo watu wa Gitega wanaouliza, na kwa kuwa mji wetu ni makao makuu ya kisiasa tangu mwaka 2019 wanauliza kwa sauti kubwa zaidi, kwa nini Zege isiwe chuo kamili chenye baraza lake. Mfano wanaoutoa si wa hewani. Kitivo cha Kilimo cha Dar es Salaam kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, mbali na makao ya chuo, na mwezi Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye uongozi wake. Leo hakuna anayekumbuka kwamba kilikuwa tawi. Hoja ya ukaribu ni ya haki: mjumbe anayekaa Bujumbura hawezi kujua kwamba bomba la Zege limepasuka, na fundi wa Gitega asisubiri sahihi ya Bujumbura apate kununua koki.

Lakini mimi nasita. Baraza jipya si meza na viti tu. Ni mhasibu mkuu wake, mkaguzi wake, magari yake, posho za vikao vyake, na mlango wake wa kubisha hazina, ambako tayari kuna foleni. Morogoro ilikuwa na kilimo, misitu na mifugo, na miaka kumi na mitano ya kukua, kabla ya kutengwa. Afadhali kwanza kampasi ipewe fungu dogo la kutumia yenyewe bila kuomba, hesabu zake zikaguliwe kila mwaka, na katika Baraza lililopo awemo mtu anayelala Gitega. Ikiweza kulitunza fungu dogo, la kubwa litazungumzwa. Najua nitapata barua za kunipinga, na nitazisoma.

Limebaki la kalenda, nalo kwa wazazi ni kubwa kuliko yote. Sheria ya mwaka 2011 ilileta utaratibu wa ngazi tatu, wa miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha mbili za umahiri, kisha udaktari. Mzazi aliposikia miaka mitatu alipiga hesabu ya miaka mitatu. Kuchelewa kwa mihula, kozi zinazosubiri mwalimu mgeni, na matokeo yanayokawia kutoka ni mambo yanayolalamikiwa tangu hapo. Si kosa la mtu mmoja. Walimu ni wachache, wengi waliondoka nchini wakati wa vita vilivyoanza 1993 na baadaye, na wengine hufundisha vyuo viwili au vitatu wapate kuishi. Hata hivyo kalenda ni ahadi kama posho ilivyo ahadi. Kozi isiyo na mwalimu isiandikwe katika ratiba kana kwamba anaye. Baraza linalopokea taarifa ya fedha kila kikao lipokee na taarifa ya kalenda: kozi ngapi zilipangwa, ngapi zimefundishwa, ngapi zinangoja na zinamngoja nani. Ukurasa mmoja unatosha, na huo usiwekwe mwishoni mwa kabrasha.

Upande wetu, nyumbani, yapo tunayoweza kufanya kabla ya siku ya baraza lolote. Fungu la mtoto wa chuo lipangwe kwa miezi kumi na miwili, si kwa tisa, maana miezi ya likizo ndiyo inayoliwa na kuchelewa. Nauli ya dharura ya kumrudisha mtoto Muyinga ikae peke yake, kwa mtu asiyekunywa. Mtoto akija na habari kwamba ada imepanda, mwombe nakala ya tangazo lenyewe, utazame limetiwa sahihi na nani na tarehe gani. Tangazo la Rekta huulizwa kwa Rekta, na la Wizara huulizwa Wizarani, tena kwa barua yenye jina na komini ya mwandishi, si kwa kupiga kelele langoni kwa mlinzi ambaye naye ana mtoto anayesoma. Wawakilishi wa wanafunzi wa kitivo chake wajulikane kwenu kwa majina. Wakija likizo waalikwe chai, waulizwe kilichosemwa kikaoni.

Na risiti ya benki ya ada isiachwe mfukoni mwa suruali ya mwanafunzi, maana suruali hufuliwa. Itolewe nakala mbili: moja akae nayo yeye chuoni, nyingine iwekwe ndani ya kile kitabu au sanduku ambamo nyumba huweka vyeti vya ubatizo, vya ndoa na kitambulisho cha baba cha kazi. Siku ya kujiandikisha mwaka mpya, ofisi ya fedha ikisema haioni malipo ya mwaka uliopita, nakala hiyo itapigwa picha kwa simu ya jirani na kutumwa Bujumbura kabla dirisha halijafungwa saa kumi.